Tovuti Yako Imepanga kwa Nani?

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Tororo alinipigia simu Jumatatu asubuhi, sauti imemkauka. "Fundi, kuna mzazi anasema tovuti yetu inachezesha kamari. Hebu ifungue uone mwenyewe." Nikaifungua. Pale palipokuwa na picha ya watoto wamevaa sweta za kijani, sasa palikuwa na orodha ya mechi za Uingereza na kitufe chekundu cha kuweka dau.

Hakuna aliyeidukua. Kijana aliyewatengenezea tovuti alikuwa ameenda Dubai kutafuta maisha. Anwani aliisajili kwa jina lake, akaweka barua pepe yake, na notisi za kulipia mwaka mpya zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua tena. Muda ukapita, jina likarudi sokoni, na mtu wa kamari akalidaka kwa sababu lilikuwa na umri wa miaka sita na Google ilikuwa tayari inalijua. Shule ilikuwa imelipa kila shilingi iliyodaiwa, na haikuwa na chochote mkononi.

Watu wakiniuliza waiweke wapi tovuti yao, wanasubiri nitaje kampuni. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kabla hujauliza chumba kina upana gani, uliza ufunguo utakaa kwa nani, na siku ukitaka kuhama, mizigo utaitolea mlango upi. Kampuni hubadilika: leo ni nzuri, mwakani imeuzwa kwa wengine na anayepokea simu hajui hata uliyezungumza naye jana.

Jina na chumba

Tovuti ina vitu viwili vya kulipia, na watu huvichanganya kwa sababu mara nyingi huja kwenye risiti moja. Kimoja ni jina la kikoa, ile anwani inayoandikwa juu ya kivinjari. Kingine ni upangishaji, yaani nafasi kwenye seva, kompyuta ya mtu mwingine inayowaka usiku na mchana na ambamo mafaili yako yanakaa. Mafundi wa Kampala husema tu hostingi, lakini mimi nalipenda neno upangishaji kwa sababu halikufichi kitu: wewe ni mpangaji.

Aliyewahi kuuza nguo Kikuubo, kule sokoni katikati ya Kampala, ataelewa haraka. Mwenye akedi, yaani jengo la maduka mengi madogo, amempangisha mtu ghorofa nzima. Huyo ameikata vyumba, akampa mwingine vyumba kumi, na huyo wa tatu ndiye aliyekukabidhi wewe ufunguo. Siku mwenye jengo asipolipwa, anafunga lango la chini, na risiti yako ya kodi, hata uipeperushe vipi, haifungui kufuli. Hostingi nyingi zinazouzwa hapa kwetu ziko hivyo. Kampuni ya watu wawili watatu imenunua nafasi kubwa kwenye seva iliyoko Ujerumani au Marekani, ikaigawa vipande, ikakuuzia kimoja. Huo si ulaghai. Mtu wa kati anayepokea simu saa nne usiku na kulipwa kwa MTN MoMo au Airtel Money anaweza kukufaa kuliko jitu kubwa la ng'ambo linalokujibu kwa roboti. Ila ujue umepanga kwa mpangaji, na umuulize bila haya: seva iko wapi, nyuma yako yuko nani, ukifunga duka mimi nitampata nani?

Sasa jina. Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Jina lisajiliwe kwa jina la taasisi yenyewe, na kwa barua pepe ambayo watu zaidi ya mmoja wanaifikia. Na isiwe barua pepe iliyo chini ya jina lilelile, maana jina likifa, sanduku nalo linakufa, na notisi ya kukuokoa haifiki popote. Ukiweza, sajili jina kwa msajili mmoja, yaani kampuni inayouza majina, na upange seva kwa kampuni nyingine. Wauzaji hawapendi ushauri huu kwa sababu wakikupa vyote viwili pamoja, kuondoka kwako kunakuwa kugumu. Sababu yao ndiyo sababu yangu.

Kwa majina ya .com, tarehe ya mwisho ikipita jina haliyeyuki siku hiyohiyo. Msajili anaweza kulishikilia hadi siku 45. Likifutwa, huingia kipindi cha siku 30 ambacho bado mwenyewe anaweza kulikomboa kwa faini, halafu siku 5 za kungoja, kisha yeyote analichukua. Wasajili wengine huliuza mnadani mapema, kwa hiyo usizihesabu siku hizo kama mapumziko. Nyumbani tunayo .ug na matawi yake: .co.ug ya biashara, .or.ug ya mashirika, .ac.ug ya vyuo, .sc.ug ya shule, .go.ug ya serikali. Tawi lina faida moja ambayo watu huisahau: mzazi akiona .sc.ug anajua yuko shuleni, na mtu wa kamari hana sababu kubwa ya kulitamani.

Seva ikae wapi?

Mwanga ndani ya waya wa faiba hukimbia takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Inasikika kama kufumba na kufumbua, mpaka uifuate safari yenyewe. Uganda haina bahari. Data ikitoka Kampala kwenda Ulaya, kwa kawaida hupita mpakani Malaba au Busia, ikaivuka Kenya hadi Mombasa, ikazama baharini, ikapanda Bahari ya Shamu na Mediterania ndipo ifike. Kwenda na kurudi ni milisekunde 150 au zaidi. Na ukurasa hauombwi kwa safari moja. Kivinjari hupiga hodi kwanza, seva ikaitikia karibu, wakapatana ufunguo wa kusimba mazungumzo, ndipo ombi lenyewe litumwe. Safari tatu hizo, karibu nusu sekunde, na mgeni hajaona hata herufi moja.

Seva ikiwa Kampala, mambo ni mengine. Tangu 2001 tuna UIXP, kituo ambako kampuni za intaneti za humu nchini hupeana data uso kwa uso. Kabla yake, barua pepe ya kutoka upande mmoja wa Kampala Road kwenda upande wa pili ingeweza kupanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi, ilimradi watumaji wako kwenye kampuni mbili tofauti. Siku hizi mteja wa Ntinda na seva ya Namanve wanakutana hapahapa, na kule Namanve kuna kituo cha data cha Raxio, kilichofunguliwa 2021 kwa kiwango cha Tier III. Maana yake, umeme na upoozaji wake vimepangwa ili fundi aweze kurekebisha sehemu moja bila kuzima seva. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilijikokota, lakini safari ya Ntinda hadi Namanve haipiti baharini.

Basi kila mtu aweke Kampala? La. Inategemea mgeni wako anaishi wapi. SACCO ya Mbarara ambayo wanachama wake wanaangalia salio kwa simu ina kila sababu ya kukaa nyumbani, ingawa seva za hapa mara nyingi ni ghali zaidi. Lakini ukiuza safari za kuona gorila wa Bwindi, anayelipa mamia ya dola za kibali yuko Munich, na seva ya Ujerumani iko mlangoni pake. Kuna jambo jingine tulilojifunza kwa uchungu. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima hadi tarehe 18. Mtu wa Munich aliyefungua tovuti iliyowekwa Ulaya aliendelea kuisoma na kutuma maombi. Mwenye tovuti, akiwa Kampala, hakuweza kuyajibu, lakini aliyakuta yanamngoja. Wateja wa humu ndani hawakuona chochote, popote pale seva ilipokuwa.

Na wale wanaosema Afrika Kusini ni jirani, kwa kuwa Amazon ilifungua vituo vyake Cape Town mwaka 2020: jirani wa kwenye ramani si lazima awe jirani wa kwenye nyaya. Pima kwanza. Mwombe muuzaji anwani ya seva ya majaribio, uifungue kwa simu yako ukiwa na bando la kawaida, saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Hapa lazima nikiri kitu. Nimewahi kuhamisha tovuti kutoka Marekani hadi Kampala ili iwe na kasi, na mwenye tovuti hakuona tofauti. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha yenye uzito wa MB 9, imetolewa kwenye kamera ikapandishwa hivyohivyo. Kosa lilikuwa langu, kwa kutolitazama hilo kwanza. Punguza picha kabla ya kulaumu bahari.

"Bila kikomo"

Hakuna seva isiyo na kikomo. Mtu akikuandikia "nafasi bila kikomo", kikomo amekihamishia ukurasa mwingine wenye maandishi madogo, na kwa kawaida kiko kwenye vitu ambavyo mnunuzi hajui kuviuliza. Cha kwanza ni idadi ya mafaili. Diski inaweza kuwa na nafasi tele huku ukiwa umezuiwa kuongeza faili hata moja kwa sababu umefikisha mafaili laki mbili na ushee. Laki mbili si mbali kama unavyodhani, kwa kuwa kwenye hostingi nyingi kila ujumbe wa barua pepe ni faili. Ofisi ya watu kumi ambayo haijafuta barua kwa miaka mitano inaweza kuijaza peke yake, tovuti haijagusa kitu.

Cha pili, na hiki ndicho kinachoua tovuti siku ya siku, ni mgao wa kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) na idadi ya maombi yanayoshughulikiwa kwa mpigo. Kwenye seva ya pamoja uko na wapangaji mamia, na kila mmoja amewekewa fensi. Siku za kawaida hugusi fensi yako. Halafu matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yanatoka, shule inatangaza kuwa orodha iko kwenye tovuti, wazazi mia tano wanabofya ndani ya dakika ishirini, na wote wanasoma kosa namba 508, yaani mgao umeisha. Seva haijafa. Wewe tu ndiye uliyefungiwa, na mpangaji wa chumba cha pili hajui kama kuna lililotokea. Kwa hiyo muulize muuzaji: kumbukumbu kiasi gani, maombi mangapi kwa wakati mmoja, mafaili mangapi? Anayejibu kwa namba ni fundi. Anayejibu "usijali" ni dalali.

Dawa ya siku kama hiyo mara nyingi si kupanga seva kubwa. Tovuti ya WordPress, ile programu ambayo wengi huitumia kutengeneza tovuti, huunda ukurasa upya kila mgeni anapofika, kama mama ntilie anayewasha moto upya kwa kila sahani. Plagini ya kache, programu ndogo ya nyongeza inayohifadhi ukurasa ulioundwa tayari, hupika mara moja na kupakua kwa wote. Wazazi mia tano watahudumiwa na hostingi ileile ya bei ya chini.

Kuhusu aina za hostingi nitasema machache tu, maana zinachosha. Seva ya pamoja inatosha shule, kanisa, msikiti, duka, kampuni ya utalii. VPS ni kipande cha seva kilichozungushiwa ukuta wake, chenye nguvu yake, lakini usafi na ulinzi ni juu yako. Usiichukue kama huna fundi wa kudumu, kwani seva isiyofanyiwa sasisho ni mlango uliorudishwa bila komeo. Seva nzima ya peke yako ni ya benki na watu wa namna hiyo. Hostingi ya bure ni ya kujifunzia.

Na zile asilimia? Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 inaruhusu kuzimika takribani saa 8 na dakika 45 kwa mwaka bila mtu kuvunja ahadi. Ikivunjwa, fidia huwa ni kupunguziwa siku chache za kodi. Mimi siisomi tena.

Bei ya mlangoni

Tuseme tangazo linakupa hostingi kwa dola 2.99 kwa mwezi. Ukifika kwenye malipo unakuta bei hiyo ni ya anayelipa miezi 48 kwa mkupuo. Hiyo ni dola 143 na senti 52, na kwa dola ya shilingi 3,700 unatoa zaidi ya shilingi 530,000 siku moja. Sawa, miaka minne umepumua. Mwaka wa tano bei inarudi kuwa ya kawaida, tuseme dola 10.99 kwa mwezi, na mwaka mmoja peke yake ni karibu shilingi 488,000, inakatwa kwenye kadi uliyosahau kuwa uliiacha pale. Bei ya kulinganisha ni ya mwaka wa pili, siyo ya tangazo. Uliza pia kama VAT ya asilimia 18 imo ndani. Kama utalipa kwa dola, kumbuka shilingi ikiyumba kodi yako inapanda bila mwenye nyumba kusema neno.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye anwani, usikilipie kama huna sababu maalumu. Let's Encrypt wanakitoa bure, na hostingi yoyote ya maana inakihuisha yenyewe. Anayekutoza kwa tovuti ya kawaida anakuuzia maji mvua ikinyesha.

Moto wa Strasbourg

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, kituo cha data cha OVH kule Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto. Jengo moja liliteketea, tovuti kwa mamilioni zikatoweka hewani, na baadhi ya wateja wakagundua kitu kibaya kuliko moto: nakala za akiba walizokuwa wanalipia zilikuwa zimewekwa kwenye jengo lilelile. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru OVH kumfidia mteja mmoja kwa jambo hilo. Ilikuwa moja ya kampuni kubwa kabisa za Ulaya, si chumba cha nyuma cha mtu.

Kwa hiyo bekapu ya mwenye seva ni ya mwenye seva. Yako ni ile unayoweza kuishika. Paneli nyingi zina kitufe cha kupakua mafaili yote pamoja na hifadhidata. Kila mwezi mtu mmoja ofisini akibonyeze, nakala aiweke kwenye diski ya nje, na mara moja kwa mwaka fundi ajaribu kuirudisha mahali pengine aone kama inafufuka. Hostingi isiyo na kitufe hicho, au inayotaka ulipie ili uchukue vitu vyako, imeshakujibu lile swali la mlango wa kutokea.

Ukikusanya taarifa za watu, yaani majina, namba za simu, namba za vitambulisho vya taifa, sheria nayo imo. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakutaka uhakikishe kuwa nchi ambako taarifa hizo zinahifadhiwa inazilinda walau kama Uganda inavyozilinda, au wenye taarifa wawe wameridhia. Inakutaka pia ujisajili kwa ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Sheria hii haikukatazi kuweka ng'ambo. Inakutaka ujue ni wapi, na wapangaji wengi hawajui.

Barua pepe ni kesi yake. Kwenye seva ya pamoja mnatumia namba moja ya mtandao, na jirani akituma taka, mnaorodheshwa wote kama watumaji taka. Ni kama jirani wa akedi anayeuza simu za wizi: polisi wakija wanafunga korido nzima. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza zaidi, na barua isiyo na rekodi za SPF au DKIM, zile zinazothibitisha kuwa mtumaji ni yeye kweli, huishia kwenye sanduku la taka au kurudishwa. Kama barua pepe ndiyo inayokuletea pesa, ipangie huduma yake mbali na tovuti.

Kabla hujalipa, watumie swali usiku wa Jumamosi. Swali la kweli, kwa mfano jinsi ya kupokea tovuti yako kutoka kwa kampuni nyingine. Utajifunza mengi kwa namna watakavyokujibu, na kwa saa watakayokujibu. Ukishachagua na kuhamia, usiifunge nyumba ya zamani siku hiyohiyo. DNS, lile daftari la intaneti linalotafsiri jina kuwa namba ya seva, hukumbukwa na kompyuta nyingi kwa saa kadhaa. Siku moja kabla, mwambie fundi ashushe muda huo wa kukumbuka hadi sekunde 300, kisha lipia kodi mbili kwa mwezi mmoja. Ni hela ndogo.

Ile shule tuliipatia jina jipya la .sc.ug, limesajiliwa kwa jina la shule, na nywila ziko kwenye bahasha ndani ya kabati la chuma la ofisi, pamoja na hati ya kiwanja. Picha za zamani tuliziokoa chache kutoka kwenye simu za walimu. Basi la shule bado lina anwani ile ya kwanza ubavuni, kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa. Mwalimu mkuu amesema litapakwa upya likizo ya Desemba. Kwa sasa wamebandika gazeti juu yake, na mvua ikinyesha linabanduka.